Sura ya Sita: Mali Iliyokosa Msemaji

Arobaini imekwisha. Maturubai yamekunjwa, masufuria ya kukodi yamerudi kwa wenyewe, na ndugu waliotoka Tanga na Morogoro wameshapanda mabasi. Jumatatu asubuhi watu watatu wanapanda ngazi za jengo moja la Kariakoo hadi ofisi ya wakili: kijana mkubwa wa marehemu, dada yake, na baba yao mdogo. Kijana amebeba begi la shule la mtoto wake. Ndani yake zimo karatasi zote zilizokutwa kabatini kwa baba.

Baada ya salamu na pole, baba mdogo hapotezi muda. "Wakili, tunataka ututengenezee mgawo. Ukoo umeshakaa, muhtasari tunao."

Wakili haugusi muhtasari. Analifungua begi na kupanga karatasi mezani, moja baada ya nyingine. Nakala ya hati ya nyumba ya Mbagala. Hati yenyewe iko benki. Cheti cha kampuni kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Ankara za nondo na saruji. Hundi iliyorudi bila kulipwa. Barua ya TRA, mamlaka ya mapato. Mwisho, daftari nene la madeni, jalada lake limefunikwa kwa gazeti na kila ukurasa una tarehe. Anapomaliza kupanga anauliza: "Katika hivi vyote, kipi kilikuwa cha baba?"

"Vyote," anajibu kijana.

Mfano huu nimeutunga, na tarakimu utakazozikuta ni za kufundishia. Lakini begi lenyewe linajulikana na kila wakili anayeshughulika na mashauri ya biashara, ufilisi na mirathi. Watu hushangaa kwa nini mambo matatu hayo hukaa kwenye ofisi moja. Huona biashara ni ya watu wa mjini wenye tai, ufilisi ni wa walioanguka, na mirathi ni ya wafiwa. Katika sura hii nataka kuonyesha kwamba ni kazi moja. Mara zote tatu wakili anashika mali ambayo mwenyewe hawezi tena kuisemea: mkataba ambao waliousaini hawaelewani tena, kampuni isiyoweza kulipa, marehemu aliyenyamaza. Mali ikikosa msemaji, wanaojitokeza kuisemea ni wengi, na wenye sauti kubwa husikika kwanza. Kazi ya wakili ni kuhakikisha haki haigawiwi kwa ukubwa wa sauti.

Asiyekuwepo mezani

Kabla ya kugusa karatasi yoyote, wakili anayeijua kazi yake huangalia nani hayupo. Mama mjane hayupo. Yuko eda: miezi minne na siku kumi, kwa desturi ya Waislamu, na si haki kumpandisha ngazi za Kariakoo kwa sababu ya mafaili. Wakili atamfuata Mbagala. Atavua viatu mlangoni, atapiga hodi, atamsalimu, na hatatoa kalamu mpaka salamu ziishe.

"Mama, siku ile ya benki, uliweka saini?"

"Niliweka, mwanangu. Aliniambia ni fomu."

Jibu hilo fupi limebeba sheria nyingi. Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi nayo inaitaka benki ihakikishe ridhaa hiyo ipo. Je, aliyeambiwa "ni fomu" ameridhia? Aliisoma? Alisomewa? Kwa lugha gani? Kama wakili angeridhika na kikao cha ofisini, asingeyauliza maswali haya, na nyumba ingehesabiwa kuwa imekwenda.

Ndiyo maana nawaambia vijana wanaoanza kazi kwamba nusu ya uanasheria huu ni miguu. Karatasi inakuonyesha kilichoandikwa. Kwa nini kiliandikwa, utajua kwa kwenda kukaa na watu.

Mtu asiye na kaburi

Sasa turudi kwenye swali la mezani. Kijana alisema vyote ni vya baba. Ukweli ni kwamba saruji iliyomo ghalani haikuwa ya baba hata siku moja. Ilikuwa ya kampuni.

Kanuni hii ilipata nguvu zake London mwaka 1897, kwa kesi ya fundi na mfanyabiashara wa viatu wa Whitechapel, Aron Salomon. Mwaka 1892 aliigeuza biashara yake kuwa kampuni. Mkewe, binti yake na wanawe wanne walipewa hisa moja moja. Yeye akabaki na hisa 20,001. Sehemu ya bei ya biashara ile hakuichukua taslimu. Aliiacha iwe deni ambalo yeye mwenyewe anaidai kampuni, deni la pauni 10,000 lenye dhamana. Mwaka uliofuata biashara ikaanguka. Mfilisi akasema haya ni mazingaombwe, kampuni na Salomon ni mtu yule yule, na madeni yote ayabebe yeye. Mahakama za chini zilikubaliana naye. Baraza la Malord likakataa: kampuni iliyosajiliwa kihalali ni mtu mwingine kabisa, ana mali yake na madeni yake, hata kama aliyemo ndani ni mtu mmoja na familia yake.

Kanuni hiyo imesafiri na sheria za Kiingereza hadi kwetu, na ndiyo inayoyagawa makaratasi ya begi letu. Duka, ghala, nondo na akaunti ya benki ni vya kampuni. Kilichokuwa cha marehemu ni hisa. Warithi hawarithi mfuko wa saruji. Wanarithi hisa za kampuni inayomiliki saruji, na hisa hizo zina thamani endapo tu kitu kinabaki baada ya kampuni kulipa wanaoidai. Mtoto anayekwenda ghalani wiki ya msiba na kubeba mabati "ya baba" anachukua mali ya mtu ambaye hajafa.

Hivyo wakili anafungua mafaili matatu. La kwanza ni la mkandarasi aliyechukua nondo na saruji na kuacha hundi isiyolipika. La pili ni la kampuni yenyewe, inayodaiwa na benki, TRA, wafanyakazi na wauzaji wa jumla. La tatu ni mirathi ya mzee: nyumba, hisa, na dhamana binafsi aliyoiandikia benki kwamba kampuni ikishindwa, atalipa yeye. Dhamana hiyo ndiyo daraja kati ya faili la pili na la tatu. Mtu hufa, lakini deni alilokwisha kulidhamini halimfuati kaburini. Linabaki likiidai mirathi yake.

Faili la kwanza: hundi iliyorudi

Katika mfano wetu mkandarasi anadaiwa shilingi milioni 90. Anapopigiwa simu anajibu kwa upole: "Mimi nilikuwa naelewana na mzee. Mzee hayupo tena, Mungu amrehemu."

Hana pa kujificha hapo, kwani mdai ni kampuni na kampuni haijafa. Hata angekuwa anadaiwa na mzee binafsi, shauri halizikwi na mdai. Msimamizi wa mirathi huingia mahali pake. Sheria yetu ya Mikataba inautambua hata mkataba wa mdomo, na mdai ana miaka sita ya kufungua shauri tangu mkataba ulipovunjwa. Shida kubwa ni ushahidi. Nani aliyeshuhudia mzigo ukishuka? Nani aliyesaini ankara? Ni mkandarasi, au ni kijana wa saiti ambaye leo hajulikani alipo?

Hapa daftari lililofunikwa kwa gazeti linageuka kuwa shahidi. Kumbukumbu zinazoandikwa siku kwa siku katika kuendesha biashara hupokelewa mahakamani. Peke yake daftari halitoshi kumbebesha mtu deni, lakini likiwekwa pamoja na ankara, hundi na ujumbe wa simu, linazungumza. Mzee hakujua kwamba kila jioni alipokuwa akiandika tarehe, jina, idadi ya nondo na saini ya aliyepokea, alikuwa akitoa ushahidi wa siku ambayo yeye hatakuwepo.

Watu hufikiri wakili wa mashauri hushinda kwa ufasaha wa kusimama. Siku nyingi hushinda mwezi mmoja kabla ya kusimama, akiwa sakafuni na karatasi, anapanga ankara kwa tarehe na kuoanisha kila moja na ukurasa wa daftari. Tanzania ilianzisha Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu mwaka 1999 kwa kuwa mashauri ya biashara yalikuwa yanachakaa kwenye foleni moja na mashauri mengine yote. Deni linalochukua miaka kumi kuamuliwa ni sawa na deni lililosamehewa.

Kwa hiyo wakili mzuri huutazama pia mlango wa usuluhishi. Tangu mwaka 1994 mashauri ya madai hapa kwetu hupitishwa kwenye usuluhishi kabla ya kusikilizwa. Kenya, mahakama ilipoanza usuluhishi wa aina hiyo Aprili 2016, ilianza Milimani, Nairobi, kwa divisheni mbili: ya familia na ya biashara. Uchaguzi huo una maana. Huko ndiko wanakogombana watu ambao jana walikuwa wakila sinia moja, au wakipeana mzigo kwa kuaminiana, na ambao hukumu pekee haiwatoshi.

Tuseme usuluhishi unafanikiwa. Mkandarasi anakubali kulipa milioni 70 kwa awamu tatu, na mahakama inayaandika makubaliano hayo kuwa amri, ili akikiuka isihitajike kesi mpya bali kukazia hukumu tu. Kijana mkubwa analalamika kwamba milioni 20 zimepotea. Wakili anamwomba asubiri mpaka faili la pili lifunguliwe.

Faili la pili: foleni ya wadai

Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana sana, muflisi na mfilisi. La kwanza ni mtu aliyeishiwa. La pili ni yule anayepewa kazi ya kukusanya kilichobaki na kukigawa. Yote yana nasaba moja na fulusi, fedha. Mgeni wa lugha huyachanganya, na hata wenye biashara humwona mfilisi kama mtu aliyekuja kuwafilisi. Ukweli ni kwamba mfilisi huja pale ambapo fedha zimeshakwisha. Anachokizuia ni vurugu.

Bila ufilisi, mdai wa kwanza kufika na dalali wa mahakama hubeba kila kitu, na wa pili hukuta rafu tupu. Mlinzi anayedai mishahara ya miezi mitatu hana wakili wala lori. Sheria ya ufilisi inasema: simameni nyote, pangeni foleni. Mbele hukaa gharama za ufilisi wenyewe. Wafanyakazi na kodi hupewa kipaumbele kwa kiwango kilichowekwa. Benki yenye dhamana inayoelea juu ya mali zote za kampuni hufuata, kisha wadai wasio na dhamana, na mwisho kabisa wenye hisa. Nchini Kenya Sheria ya Ufilisi ya 2015 inayataja hayo kwa tarakimu: mfanyakazi hupewa kipaumbele kwa mshahara wa miezi minne ya mwisho, usiozidi shilingi 200,000 za Kenya.

Hebu tufanye hesabu ya kampuni yetu. Mali ya ghalani ikiuzwa inaleta milioni 60. Mkandarasi analeta 70. Jumla 130. Gharama ni 10, TRA na wafanyakazi 20, benki 80. Zinabaki 20, na wauzaji wa jumla wanadai 50. Kila mmoja wao atapata senti 40 kwa kila shilingi anayodai. Wenye hisa hawapati kitu.

"Kwa hiyo hatuna chochote," anasema kijana.

Wakili anamwonyesha mstari wa benki. Benki imelipwa yote 80. Ikishalipwa yote, dhamana binafsi ya baba haina kazi, na hati ya nyumba ya Mbagala inarudi. Sasa iondoe milioni 70 ya mkandarasi. Ghala pekee linaleta 60. Toa gharama na vipaumbele, zinabaki 30 za benki, na deni la milioni 50 linaigeukia nyumba. Paa analolala chini yake mama yao lilikuwa linategemea faili la mkandarasi. Ndipo kijana anapoelewa kwa nini wakili alichukua milioni 70 za uhakika na kuziacha 20 za kugombania.

Ningetaka kila mkurugenzi wa kampuni ndogo aipitie hesabu hiyo angali hai. Kosa kubwa la wafanyabiashara wetu ni kuja kwa wakili wakiwa wamechelewa. Mdaiwa anayeona aibu huanza kulipa wenye urafiki naye kwanza: shemeji, mwenzake wa msikitini, muuzaji aliyemkopesha bila maandishi. Anafikiri anatenda wema. Sheria inaweza kuyaona malipo hayo kuwa upendeleo, na mfilisi akayadai yarudishwe.

Kuchelewa si ugonjwa wa wadogo tu. Nakumatt ilikuwa na maduka makubwa Kenya, Uganda, Rwanda na hapa Tanzania, ambako mwaka 2014 ilichukua maduka ya Shoprite. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, mtu ambaye kazi yake ni kujaribu kuiokoa kampuni kabla ya kufikia kuifunga. Miaka miwili baadaye, Januari 2020, wadai walipiga kura ifungwe. Mwezi ule ule wa Januari 2018, Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano ndogo, zikiwemo za wananchi wa Njombe, Meru na Kagera. Wenye akaunti waligundua siku hiyo jambo ambalo mawakili wa ufilisi hulijua siku zote: fedha uliyoweka benki ni deni ambalo benki inadaiwa nawe. Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa na kikomo cha shilingi 1,500,000 kwa mteja. Aliyekuwa na zaidi alijiunga na foleni.

Faili la tatu: theluthi, thumni au matunzo

Nyumba imesalimika. Baba mdogo anautoa tena muhtasari wa ukoo. Umemteua yeye kuwa msimamizi wa mirathi, na umeandika kwamba nyumba "irudi kwenye ukoo".

Jambo la kwanza ambalo wakili humwambia kila mtu anayeshika wadhifa huo ni hili: msimamizi si mrithi. Ni mtumishi wa mirathi. Anakusanya, analipa madeni, anagawa, anatoa hesabu. Akipewa usimamizi na Mahakama Kuu, ana miezi sita ya kuwasilisha orodha ya mali, na mwaka mmoja wa kuwasilisha hesabu. Katika Mahakama ya Mwanzo taarifa ya mali na madeni hutakiwa ndani ya miezi minne. Familia nyingi haziyajui haya. Msimamizi hupewa barua ya mahakama, huiona kama hati ya kumiliki, na watoto hukua wakimwita baba mdogo mwenye nyumba.

Jambo la pili ni zito zaidi: ni sheria gani itagawa? Tanzania Bara mahakama huuliza marehemu aliishi vipi. Kwa mila za ukoo wake? Kwa Uislamu? Au aliachana na mila, akaoa na kuishi kwa namna ambayo sheria ya nchi ndiyo inayomfaa? Jibu likibadilika, maisha ya mjane yanabadilika.

Tuseme kinachogawiwa ni milioni 96, baada ya mazishi na madeni. Wapo mjane mmoja, wana wawili na mabinti wawili, na wazazi wa marehemu walishatangulia. Kwa sheria ya Kiislamu mjane mwenye watoto hupata thumni, yaani milioni 12. Zinazobaki 84 zinagawiwa watoto, mwana mafungu mawili kwa binti moja: 28 kila mwana, 14 kila binti. Kwa Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo bado inatumika kwetu, mjane hupata theluthi, milioni 32, na watoto hugawana 64 sawasawa, 16 kila mmoja. Kwa sheria ya kimila iliyoandikwa mwaka 1963, mjane hana fungu kama ukoo wa marehemu upo. Anatarajiwa kutunzwa na watoto wake.

Theluthi, thumni, au matunzo. Mwanamke ni yule yule na ndoa ni ile ile. Siwezi kuiandika kanuni ya tatu, ile ya kimila, bila kusema kwamba naiona ni dhuluma. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alitumia haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba na kuamua kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi kama mwanamume anavyoweza. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake iliikosoa Tanzania kwa kuziacha kanuni hizo za urithi zikiendelea kuwanyima wajane. Wakili wa mirathi anayesema "ndivyo sheria ilivyo" akafunga faili, amesahau kwamba sheria hizo hubadilishwa na mashauri, na mashauri huletwa na mawakili.

Katika mfano wetu ushahidi uko wazi. Mzee alifunga ndoa kwa kadhi, alizikwa kwa taratibu za dini, na mjane amekaa eda. Thumni inasimama, na baba mdogo, kwa kuwa marehemu ana wana, hana fungu. Utaratibu wa Kiislamu wenyewe unafanana na foleni tuliyoiona kwenye ufilisi: mazishi kwanza, madeni, wosia usiozidi theluthi, kisha warithi. Wadai kabla ya warithi. Kampuni na maiti hufuata mstari mmoja.

Mzee hakuacha wosia. Angeweza kwenda RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ulioanza mwaka 2006 na ambao jina lake linabeba ufilisi na udhamini pamoja. Mkuu wake ndiye Kabidhi Wasii Mkuu, na wosia huhifadhiwa hapo. Kwa taratibu za kimila wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma huhitaji mashahidi wawili, na wa mdomo wasiopungua wanne. Hakuna aliyewahi kufa kwa sababu ameandika wosia. Wengi, wakiwamo wasomi, bado huiogopa karatasi hiyo kuliko wanavyoiogopa barua ya benki.

Amana

Safari ya kufika kwenye meza hiyo ya Kariakoo ni ndefu. Ni shahada ya sheria, labda ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kilifungua milango yake mwaka 1961 kwa kitivo cha sheria. Kisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Kisha kiapo mbele ya Jaji Mkuu, joho, na uanachama wa Chama cha Mawakili Tanganyika. Yote hayo hukufanya wakili. Hayakufanyi wakili wa kazi hii.

Kazi hii hutaka kwanza usome mizania kama unavyosoma kifungu cha sheria. Mwanafunzi aliyekimbilia sheria ili aepuke hesabu atazikuta zinamsubiri: riba, thamani ya hisa, senti 40 kwa shilingi. Inataka pia ujue kusema hapana. Katika begi letu wamo kampuni, mjane, watoto na baba mdogo, na maslahi yao hayafanani. Wakili anayewakubali wote kwa ada nne atamsaliti angalau mmoja. Anayejiheshimu huchagua anamwakilisha nani, huwaambia wengine mapema, na huwaelekeza kwa wenzake.

Inataka zaidi mikono safi. Fedha za mkandarasi zitapita kwenye akaunti ya wateja. Zitakaa humo wiki kadhaa, na ofisi itakuwa na kodi ya kulipa na karani wa kulipwa mshahara. Huo ndio mtihani wa taaluma, na hauna msimamizi wa chumba. Neno wakili limetufikia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya mtu uliyemkabidhi jambo lako. Anayekopa kwenye akaunti ile, hata kwa siku mbili, amelivua jina hilo kabla hajalivua joho.

Na inataka lugha. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama Mahakama ya Mwanzo, ambako mirathi ya watu wengi huamuliwa kwa Kiswahili; huku juu, walikoruhusiwa, maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Mjane aliweza kushinda rufaa na asijue kwa nini. Mwaka 2020 Jaji Zephrine Galeba aliandika hukumu kwa Kiswahili akiwa Musoma, na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Mwaka huo huo kituo jumuishi cha masuala ya familia kilianza kazi Temeke, ambapo mirathi husikilizwa kuanzia ngazi ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu katika jengo moja. Mama wa Mbagala anaweza kupanda daladala moja, akaisikia haki yake ikisemwa kwa lugha aliyomlelea mtoto.

Eda ilipokwisha, familia ya mfano wetu ilikutana nyumbani. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama alikuwa yule binti, na baba mdogo alikuwa amekubali, kwa shida, baada ya kuelezwa mara tatu. Walikaa mkekani. Binti alisoma hesabu: kilichoingia, kilichotoka, nani alilipwa lini, risiti iko wapi. Alisoma polepole, shilingi kwa shilingi, kama baba yake alivyokuwa akiandika kila jioni. Alipofika mwisho aliuliza kama kuna mwenye swali.

Hakuna aliyeinua mkono. Mama aliomba daftari la mzee arudishiwe, na wakili akalitoa kwenye begi.